Mjadala: Je, maktaba ziendelee kusaini mikataba ya "kusoma na kuchapisha"?

Mwanzisha mada:
Wadau, hoja iko hivi. Kwa miaka mingi maktaba za vyuo vikuu zililipa ada ya usajili ili watu wao wasome majarida ya kisayansi. Siku hizi wachapishaji wakubwa wanauza mkataba wa namna nyingine. Maktaba, au muungano wa maktaba za nchi nzima, inalipa fungu moja. Watu wake wanasoma majarida yaliyomo kwenye mkataba, na makala wanazoandika wao zinatoka wazi kwa kila mtu bila mwandishi kudaiwa chochote. Ujerumani, kupitia Projekt DEAL, kundi linalojadiliana na wachapishaji kwa niaba ya vyuo na taasisi za utafiti za nchi hiyo, ilisaini na mchapishaji Wiley mwaka 2019, wenzake Springer Nature wakafuata, na Elsevier wakaja 2023 baada ya mazungumzo kuvunjika huko nyuma. Chuo Kikuu cha California kiliachana na Elsevier Februari 2019, kikakaa miaka miwili hivi bila mkataba, kikarudi mezani na kusaini Machi 2021.

Mimi nasema muda wa mikataba hii umekwisha. Kizuizi hakijaondolewa, kimehamishwa tu. Zamani asiye na pesa alizuiwa kusoma, leo anazuiwa kuchapisha. Mwishoni mwa 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja ya wazi. Bei za namna hiyo mwandishi aliye ndani ya mkataba hazioni kabisa, na bei isiyoonwa na anayetumia haiwezi kushuka.

Mkutubi:
Ndugu mwanzisha mada, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kukaa upande wa mnunuzi. Kabla ya mikataba hii tulikuwa tunalipishwa mara mbili. Jarida mseto, yaani lile linalouza usajili huku likipokea ada kwa makala chache za wazi, lilichukua pesa ya maktaba kwa mkono mmoja na ruzuku ya mtafiti kwa mkono mwingine. Tulipojaribu kujumlisha, kila idara ilikuwa na risiti zake, na hakuna aliyejua chuo kizima kinatoa kiasi gani.

Sasa zote ziko sehemu moja. Makala ikikubaliwa, mfumo wa mchapishaji unaangalia chuo cha mwandishi anayehusika na mawasiliano, maktaba inapata taarifa, tunathibitisha, makala inatoka wazi ikiwa na leseni ya Creative Commons, inayoruhusu wengine kuisambaza, na hakimiliki inabaki kwa mwandishi. Wajerumani walikwenda mbali zaidi: waliweka mkataba wao wa Wiley hadharani, na kila mtu akasoma kwamba ada kwa makala ya jarida mseto ni euro 2,750. Lini tuliwahi kujua bei ya usajili wa jirani yetu?

Kasoro zipo, sikatai. Mikataba mingine ina kikomo cha makala kwa mwaka. Nafasi zikiisha kabla ya mwaka kwisha, anayekubaliwa baadaye anabaki anatuandikia barua pepe za lawama, kana kwamba kikomo tulikiweka sisi.

Mtafiti wa fizikia:
Mimi sina ugomvi na mkataba wowote. Nikipandishwa cheo kwa jina la jarida, nitapeleka makala kwenye jarida hilo, liwe wazi au limefungwa. Rekebisheni hilo kwanza.

Halafu msisahau kwamba sisi tulishatoka kwenye foleni hii. arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya nakala za awali za makala, ipo tangu 1991. Makala tunaisoma pale kabla mhariri hajaigusa. Na mwaka 2014 ulianza mpango wa SCOAP3, ulioratibiwa na CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe: pesa ambazo maktaba zilikuwa zinalipia usajili wa majarida ya fizikia ya chembe zikakusanywa kwenye mfuko mmoja, mfuko ukawalipa wachapishaji moja kwa moja, na mwandishi hadaiwi popote alipo duniani. Hahitaji hata chuo chake kiwe kimechangia. Kwa nini huo usiwe ndio mfano?

Mkutubi:
Kwa sababu fizikia ya chembe ni taaluma ndogo yenye majarida machache na maabara moja kubwa ambayo wote wanaiheshimu. Jaribu kwenye tiba uone.

Mhariri wa jarida la chama cha wanataaluma:
Hapa naomba nisikilizwe, maana wachapishaji wadogo hatuingii kwenye mijadala hii mpaka bajeti imeshagawanywa. Mkataba mkubwa ukisainiwa kwa miaka mitatu, pesa zimefungwa. Bajeti ikipunguzwa katikati, mkutubi hawezi kugusa fungu la mchapishaji mkubwa, kwa hiyo anakata sisi. Hatuna mwanasheria wala kitengo cha mauzo cha kuzungumza na kila muungano wa maktaba. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hawa wanazo ngoma zote.

Ipo njia inayotufaa, inaitwa "jisajili ili kufungua". Wachapishaji Annual Reviews waliianza kwa majarida machache, na mwaka 2023 wakaipeleka kwenye majarida yao yote. Maktaba zinahuisha usajili wao kama kawaida. Zikihuisha za kutosha, toleo la mwaka huo linafunguliwa kwa dunia nzima. Zikipungua, linabaki kwa wanaolipa. Mwandishi haombwi senti. Hatari yake ni kwamba kila maktaba inaweza kungoja mwenzake alipe, ndiyo maana inahitaji wakutubi wenye moyo wa kukaa hata pale ambapo wangeweza kusoma bure. Swali langu kwa Mkutubi: ofisi ya fedha ikikuuliza kwa nini unalipia kitu kilicho wazi, utajibu nini?

Asiye na mkataba:
Mnazungumza kana kwamba nje ya mikataba kuna watu wachache. Mimi ni mtafiti ninayejitegemea, ruzuku yangu haina kipengele cha ada ya uchapishaji. Kila mara naambiwa "omba msamaha wa ada". Kwa kawaida msamaha kamili unatolewa kwa nchi za kipato cha chini. Nchi inayofuata kwenye ngazi inapata punguzo la nusu, na nusu ya maelfu ya dola bado ni maelfu. Isitoshe, mara nyingi majarida mseto hayamo kabisa kwenye msamaha huo, na hayo ndiyo yaliyojaa kwenye mikataba yenu. Unaomba baada ya makala kukubaliwa au kabla, kutegemea mchapishaji, na unakaa unangoja mtu akuhurumie.

Mwanzisha mada:
Ndicho nilichokuwa nakisema. Mkutubi, mikataba hii iliitwa ya mpito. Mpito kwenda wapi? Mapitio ya Jisc, shirika linalojadiliana na wachapishaji kwa niaba ya vyuo vya Uingereza, yaliyotolewa 2024 yalikadiria kwamba kwa kasi ya 2018 hadi 2022, wachapishaji watano wakubwa wangehitaji angalau miaka 70 kuyageuza majarida yaliyomo kwenye mikataba yao kuwa ya wazi kabisa. Miaka 70! Nao cOAlition S, wafadhili wa utafiti walioanzisha mwaka 2018 Plan S, mpango wa kutaka utafiti wanaoulipia utoke wazi, wakafunga msaada wao wa kifedha kwa mikataba hiyo mwishoni mwa 2024.

Tena pesa inayofuata idadi ya makala inazaa makala. Wiley walimnunua Hindawi, mchapishaji wa majarida ya wazi, mwaka 2021; mwaka 2023 makala zaidi ya 8,000 za Hindawi zikabatilishwa kwa kuwa hazikuaminika, na jina lenyewe likaachwa.

Mkutubi:
Hindawi ilikuwa biashara ya ada ya mwandishi tangu kabla ya mikataba kuja. Usitubebeshe mzigo huo. La miaka 70 nalikubali, linauma.

Ila kujitoa nako kuna gharama. Sweden ilikaa bila mkataba wa Elsevier kuanzia katikati ya 2018 hadi mwisho wa 2019. Watu hawakufa. Waliazimana kati ya maktaba, waliandikia waandishi, walisoma nakala za awali. Lakini aliyeumia zaidi ni mwanafunzi ambaye hana wa kumwandikia.

Kwa Mhariri: ofisi ya fedha nitaijibu kwamba mwaka tutakaoacha kulipa, mlango unaweza kufungwa. Huwa wanaelewa wakionyeshwa bei zote mbili.

Nikikaa mezani mwakani nitataka mkataba mfupi, bei hadharani, na sehemu ya bajeti itengwe kwa majarida yasiyomtoza mwandishi kabla sijasaini kingine chochote.

Asiye na mkataba:
Na kwenye hiyo bei ya hadharani, ongezeni kifungu cha sisi tulio nje: ada ya jarida lenyewe ishuke kadiri mikataba inavyolilipia. Mchapishaji akikikataa, mtasaini?

Mkutubi:
Sijawahi kukiona kwenye rasimu yoyote iliyofika mezani kwangu. Nitakiweka. Akikikataa, mkuu wa chuo ndiye atakayeamua, siyo mimi.