X-Trail, RAV4 au Forester: ipi inabeba baiskeli mbili, hema na watoto?

Kijana_wa_Goba
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri ila wa mtu aliyewahi kubeba baiskeli kweli, sio wa kuangalia picha mtandaoni. Mimi na waifu tunaendesha baiskeli za mlimani, zote tairi za inchi 29, tuna watoto wawili, mmoja miaka 7 mwingine 4, na wikendi ndefu ikitokea tu tunatoka Dar, mara Morogoro kupanda Morningside, mara Lushoto. Tunabeba hema la watu wanne, jiko dogo la gesi, deli la barafu, madumu ya maji na yale mabegi ya watoto ambayo sijui huwa yana nini ndani. Sasa hivi natumia IST. Nimekunja kila kinachokunjika, baiskeli moja inaingia ikivuliwa matairi yote mawili na ya pili inabaki nyumbani, kwaio mmoja wetu anaenda mlimani kushangaa tu na mara nyingi huyo mmoja ni mimi.

Nina milioni 30 na IST nitauza. Nimebakiza gari tatu: X-Trail T31, RAV4 ile ya ACA31, na Forester SH5. Sitaki mjadala wa ipi ina jina, nataka ipi inabeba.

fundi_tabata
Mkuu, kwanza pesa. X-Trail na Forester hizo nyingi ni 2.0, RAV4 ni 2.4. Ukiagiza nje, ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya cc 1000 na 2000 ni asilimia 5, ikivuka hapo ni 10, na zote tatu zimeshapita miaka kumi kwaio na ushuru wa uchakavu unaulipia juu yake. Mimi ningetafuta iliyopo hapa hapa mjini ambayo naiona, naigusa, naiwasha asubuhi ikiwa ya baridi.

Injini: RAV4 ni ngumu ila zile injini zake za 2AZ baadhi zinakunywa oili, chomoa kijiti cha oili usiamini maneno ya dalali. X-Trail gia boksi yake ni sivitii (CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua), haina ubaya ukiiheshimu, inataka oili ya NS-2 sio unamwagia yoyote uliyoikuta dukani. Forester angalia mwaka, mpaka 2010 hivi ni injini ya EJ inayotumia mkanda wa taiming, za baada ya hapo ni FB ya cheni, na gia boksi ni otomatiki ya kawaida gia nne. Kwa mizigo na kile kipande cha Mombo kupanda Lushoto, mimi naenda na Forester ya 2011, na usichanganye matairi, zote nne saizi moja na zimeisha sawa maana ile inavuta miguu yote minne muda wote.

Jembe_la_Mbezi
Mnateseka bure. Noah. Baiskeli zinaingia zimesimama, spea zipo kila kona, siku za kawaida unapeleka watoto shule na majirani.

Kijana_wa_Goba
@Jembe_la_Mbezi Noah ya shemeji tulienda nayo Mtae mwaka juzi mvua zikiwa zimeanza. Tumbo lililima barabara kuanzia tulipoacha lami. Tulishuka wote tukasukuma mpaka bibi.

Jembe_la_Mbezi
Sasa bibi mlimpeleka kufanya nini huko 😂

Mama_Pedali
Kaka Goba, mbona hakuna aliyekuuliza la msingi, watoto watakaa wapi? Nawaona mnazungumzia kulaza siti. Ukilaza siti za nyuma kwenye hizo gari tatu, baiskeli mbili za 29 zinaingia vizuri tu ukitoa tairi za mbele na kushusha siti za baiskeli, mimi na mume wangu tulifanya hivyo miaka tukiwa wawili, tulimpa seremala wa Keko ubao wa plaiwudi tukafunga vishikio vya uma wa mbele, baiskeli zinasimama ndani hazigusani hazichafui kitu. Raha kabisa. Halafu tukapata mtoto na ule ubao sasa hivi naanikia dagaa.

Nyie mko wanne. Siti ya nyuma ina watu, buti lina hema na deli, kwaio baiskeli zinakaa NJE, hakuna namna. Ukishakubali hilo swali linabadilika, linakuwa: baiskeli zikiwa zimening'inia nyuma, je naweza kufungua buti nitoe maji ya mtoto?

Hapo ndo RAV4 inaponishinda, na niliimiliki miaka minne naipenda. Mlango wa nyuma unafunguka kwa pembeni kama wa kabati na nyingi zina tairi la spea mgongoni. Keria ya kufunga kwenye ndoano ya tela inabidi iwe na mkono mrefu ili ipishane na hilo tairi, na hata ukiilaza hiyo keria, mlango hauna pa kuzungukia. Zipo keria za kufunga kwenye tairi lenyewe, ni rahisi, ila piga hesabu: baiskeli mbili kilo 30, keria, tairi, vyote vinaning'inia kwenye bawaba mbili na barabara ya vumbi inavitikisa kilomita mia. Mlango ukianza kulegea utausikia unagonga kila tuta.

X-Trail na Forester mlango unaenda juu. Keria inayolala kwa nyuma unaivuta chini na baiskeli zake, unafungua, unatoa unachotaka. Na mvua ikikukuta ule mlango ni paa, nimevalisha watoto viatu chini yake pale Irente mvua ikinyesha ya kumwaga, mwenye RAV4 alikuwa pembeni yangu ananiangalia tu kwa wivu.

Mchaga_wa_Kilema
Dada umemaliza ila keria ya juu usiisahau. Mimi niko Moshi, tunapanda njia ya Kilema, ndo inayoruhusu baiskeli Kilimanjaro, na juu ya paa ndo napobeba siku zote. Faida, buti liko huru, namba ya gari inaonekana, taa zinaonekana, trafiki hana cha kukuuliza. Nyuma ukifunga baiskeli mbili zinaziba namba na indiketa, lazima uhamishie ubao wa namba na taa kwenye keria, na wengi hawafanyi wanaishia kubishana pale barabarani na chai inahusika.

Hasara ni mbili. Mafuta yanaongezeka, baiskeli zinapigana na upepo na ukikimbia unaona mshale unavyoshuka. Ya pili ni hii, gari yenye kimo cha mita 1.7 ukiweka baiskeli imesimama juu unakaribia mita 2.8. Mimi niliingia parkingi ya chini ya duka moja kubwa Arusha nikiwa na simu sikioni, nikasikia kishindo, nikadhani nimegongwa. Hendeli ilipinda, uma ukapinda, paa likabonyea, na mlinzi akaniuliza kwa upole kabisa "Kaka hukuona kibao?" Kibao kilikuwa kikubwa kuliko gari.

Halafu kitabu cha gari kinaandika paa linabeba kilo ngapi, kwa gari za saizi hii mara nyingi haifiki 100 na hapo unahesabu na keria yenyewe. Baiskeli mbili sawa. Baiskeli mbili na lile hema la kulala juu ya paa, hapana.

Msafiri_254
Niko Nairobi, huku gari ikishapita miaka minane hairuhusiwi kuingizwa nchini kwa hivyo hizo mnazotaja tunanunua zilizokwisha kutumika hapa. Mimi nina Forester SJ, hiyo iliyofuata SH, tumbo liko milimita 220 juu, tunaenda nayo Hell's Gate ambapo unaendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Nakubaliana na mama hapo juu kuhusu mlango. Lakini jamani msinunue zile keria za mikanda zinazobanwa kwenye kingo za mlango wa nyuma. Forester na X-Trail zina spoila ya plastiki juu ya kioo, ile mikanda inaibana, na matuta ya barabarani yanafanya kazi iliyobaki. Yangu ilikuwa ya bei rahisi sana, mkanda ulilegea karibu na Naivasha, nikaona baiskeli kwenye kioo cha pembeni inaburutwa kama mbuzi wa Krismasi. Lori lililokuwa nyuma lilisimama, dereva akanisaidia kufunga na kamba ya katani na hiyo kamba ilitufikisha nyumbani.

Na kama fremu yako ni ya kaboni usikubali keria inayobana bomba la juu, tafuta ile inayoshika matairi.

fundi_tabata
Niongezee kitu kwa X-Trail, maana naona inasahaulika. Nyingi za T31 zina droo chini ya sakafu ya buti, pampu, viraka, spana, mnyororo wa spea, vyote vinakaa humo huvitafuti chini ya hema. Na umbo lake ni boksi, hema na deli vinapangika mpaka juu. Forester mgongo umelala kidogo. Mwenye mizigo mingi na anakaa Dar tambarare, X-Trail. Mwenye kupanda milima na gari imejaa, Forester. Kile kitufe cha kufunga fowili (miguu yote minne ivute) cha X-Trail na RAV4 kinakusaidia kwenye tope ukiwa mwendo wa kinyonga, ukikazana kinajiachia.

Kijana_wa_Goba
Wakuu asanteni, narudi na majibu. Jumamosi nililijibu swali la Mama Pedali kwa vitendo: nilipakia baiskeli, hema, deli, waifu na watoto kwenye IST pamoja na pikapu ya jirani tukaenda yadi. Yadi ya kwanza walikataa tusiingize baiskeli ndani ya gari "mtachafua siti", tukasema asante tukaondoka. Ya pili jamaa muungwana, akatuachia X-Trail na Forester zimefunguliwa tukajaribu mpaka saa tisa.

X-Trail ilimeza kila kitu, fundi hajasema uongo, hema lilisimama wima. Forester deli lilibidi lilazwe kwa ubavu, nalo likilazwa linavuja. Nikajua imekwisha, X-Trail. Ila waifu akakaa nyuma katikati ya watoto, akatoka, akaniuliza mlima wa Lushoto tutaupanda mara ngapi kwa mwaka. Nikasema mara nne, tano. Akasema deli jipya ni elfu ngapi, na gia boksi ya X-Trail ikichokea mlimani ni ngapi. Nikakosa jibu.

Kwaio ni Forester, ya 2011, ya cheni, nimeona moja iko kwa mwalimu Kibaha, fundi_tabata nitakuja kukuchukua Jumanne uniangalizie. Haina reli za paa, kwaio ni keria ya nyuma. Swali la mwisho, ndoano ya tela nachomelea kwa mafundi wa mtaani au naagiza?

fundi_tabata
Agiza ya kufunga kwa bolti kwenye chasisi sehemu zake zenyewe. Ya kuchomelea kwenye bampa usiniletee. Jumanne saa mbili niko tayari, mwambie mwalimu asiwashe gari kabla hatujafika.

Mama_Pedali
Hongera kaka, na hongera zaidi kwa waifu. Keria unachukua ya baiskeli ngapi?

Kijana_wa_Goba
Mbili dada, si tuko wawili tunaoendesha.

Mama_Pedali
Mkubwa ana miaka 7 umesema.

Kijana_wa_Goba
Daah.

Msafiri_254
Chukua ya nne bana, huyo wa miaka 4 anakuangalia tu.