Naomba ushauri: mchumba wangu anasema imani yangu ni haba

Binti Kwaya
Habari za jioni wakuu. Naomba msome mpaka mwisho bila kunitukana.

Nina miaka 27, nimeokoka. Mchumba wangu tulijuana kwaya. Barua ya posa imepokelewa, mahari imebaki kidogo, kamati ya harusi inakaa vikao kila Jumamosi. Sasa kanisani tuko kwenye mfungo wa siku 21, mfungo mkavu, hata maji hakuna mpaka saa kumi na mbili jioni. Mwenzangu anasema huu ndio wa kuombea ndoa yetu.

Mimi mwili umegoma. Kiu haiishi, miguu haina nguvu, juzi nusura nianguke kwenye daladala. Nilipomwomba nipunguze akaniambia mke aliyemwomba kwa Mungu hawezi kushindwa na njaa. Nampenda, na sitaki kuingia kwenye ndoa nikiwa mzigo wa kiroho. Nifanyeje imani yangu ikue kabla ya harusi?

Mzee wa Vitumbua
Mnafungulia saa kumi na mbili jioni? Elekeza kanisa lilipo nije na karai langu nikae getini.

Mlokole Mpole
Shalom mpendwa. Hizo siku 21 watu wanazitoa Danieli sura ya 10. Kasome vizuri. Aliacha chakula kitamu, nyama na divai kwa majuma matatu, hakuna alipoandika kwamba aliacha maji. Na sura ya kwanza, yeye na wenzake walikula mtama wakanywa maji, wakanawiri kuliko waliokula meza ya mfalme. Mfungo mkavu ni wa Esta, ulikuwa wa siku tatu, na taifa zima lilikuwa linangoja kuchinjwa. Harusi yenu ina hatari hiyo?

Chuma cha Pua
Mimi niliwahi kuwa na mlokole wa hivyo. Kila nikinunua chipsi anauliza kama nimemshirikisha Roho. Tuliachana, leo ana bucha. Wanawake wa makanisa haya ya siku hizi...

Mama Wawili
Chuma, aliyelalamika hapa ni mwanamke. Soma kwanza.

Nesi wa Zamu
Mdogo wangu, kiu isiyoisha na kukosa nguvu, mimi hapo sioni imani wala njaa. Una ugonjwa wowote? Unatumia dawa?

Binti Kwaya
Asante dada. Najitahidi sana kuishi kiafya, nakula mboga, soda nimeacha zamani, jioni natembea. Naomba tusitoke kwenye mada.

Nesi wa Zamu
Sijauliza soda.

Mama Wawili
Na sisi tunasubiri jibu.

Binti Kwaya
Sawa. Nina sukari tangu nikiwa na miaka 13. Ile ya kuchoma sindano.

Lakini kabla hamjaanza: mwanzoni mwa mfungo niliombewa, nikasikia moto mwili mzima. Mtumishi akasema nimepokea, nikirudi kwenye sindano nitakuwa nimemrudishia Mungu zawadi yake. Siku ya kumaliza mfungo nitasimama madhabahuni kushuhudia. Mchumba ameshawaambia kwao kwamba nimepona, na mama yake ndiye aliyekuwa anasita kwa sababu ya huo ugonjwa. Kwa hiyo uamuzi nimeshaufanya, nilikuja kuomba nguvu ya kumalizia. Abrahamu naye angepiga kura humu asingetoka Uru.

Nesi wa Zamu
Ningejua hili tangu mwanzo nisingekuacha usome mambo ya vitumbua.

Sukari ya aina yako si ile ya mjomba mwenye kitambi anayeambiwa apunguze ugali. Kongosho lako halitengenezi insulini ya kutosha kukuweka hai. Ukiikosa, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake, damu inajaa asidi, unatapika, unahema harakaharaka, pumzi inanuka kama embe lililoiva kupitiliza, kisha unazimika. Kabla ya 1922 mtoto akipata hii, wazazi walikuwa wanahesabu siku. Januari ya mwaka huo, kule Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini. Aliishi miaka 13 zaidi. Hiyo nayo ni zawadi, sijui kwa nini haihesabiwi.

Mlokole Mpole
Nimeokoka mwaka wa 19 huu na ninaamini Mungu anaponya. Lakini Hezekia aliahidiwa miaka 15, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Paulo alisafiri na Luka, tabibu. Timotheo aliambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Na yule aliyemwambia Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu alikuwa ananukuu Zaburi, tena kwa ufasaha. Kama umepona, daktari atapima ataona. Uponyaji gani unaogopa kipimo?

Abuu wa Pwani
Sisi wengine si wa huko, ila hata Ramadhani mgonjwa kapewa ruhusa, Al-Baqara aya ya 185 iko wazi. Kwenu kumekuwa kugumu kuliko kwetu?

Kijukuu
Mnanikumbusha 2011, kikombe cha dawa ya Babu, Samunge kule Loliondo. Shilingi 500. Nilimsindikiza shangazi, foleni ya magari huoni mwisho, tulilala ndani ya gari, maji ya kunywa yanauzwa kama dhahabu. Alikunywa. Kurudi akasimama kanisani akashuhudia, watu wakalia. Vidonge vyake vya presha akaviweka kwenye kopo la majani ya chai akaendelea kumeza kimyakimya. Yuko hai mpaka leo, na kikombe bado anakisifu.

Chuma cha Pua
Shangazi ana akili.

Mpelelezi
Wakuu, mnakunywa chai hapa. Nesi kasema mwenyewe mtu wa hivyo bila sindano anazimika. Huyu mfungo unaelekea ukingoni, haoni maji mchana, hachomi, halafu anaandika aya zilizonyooka na Abrahamu juu? Ama hana sukari, ama hana mchumba. Mods, uzi uende jukwaa la hadithi.

Mzee wa Vitumbua
Ngoja nilete na sukari ya kwenye hiyo chai. Samahani dada.

Nesi wa Zamu
Mpelelezi kauliza swali la maana, hata kama kwa ubaya. Binti, unachoma au huchomi?

Binti Kwaya
Sitaki kujibu watu wanaonidhihaki.

Nesi wa Zamu
Nijibu mimi.

Binti Kwaya
Ya usiku nachoma. Nusu. Nafungia mlango wa bafu. Kalamu ya insulini nimeificha kwenye boksi la viatu. Za mchana nimeacha kabisa.

Sijadanganya mtu, nilisema tu sirudi kwenye sindano. Hii ni mpaka imani ikamilike.

Mama Wawili
Mwanangu, mwanamume unayemficha kitu kinachokuweka hai, utalala naye chumba kimoja miaka 40 ukichomea bafuni? Mimba je? Mimi sina maneno ya kiroho, nauliza tu.

Mpelelezi
Inazidi kunoga. Piga picha hiyo kalamu.

Nesi wa Zamu
Achana na picha. Pima sasa hivi uniambie.

Binti Kwaya
17.9. Nimetapika tangu jioni, nilidhani ni maharage niliyofungulia.

Nesi wa Zamu
Hiyo iko juu sana, usisubiri asubuhi. Kunywa maji, mfungo umeishia hapo. Mwamshe mtu, nenda hospitali kubwa iliyo karibu, wape neno hili la kwanza kabisa mlangoni: nina sukari ya sindano na nimepunguza dozi. Usianze na habari za maombi.

Binti Kwaya
Nikilazwa atajua.

Mama Wawili
Ajue.

Binti Kwaya
Dada yangu anatafuta bajaji. Mchumba akipiga nimwambie nini?

Mzee wa Vitumbua
Mwambie simu nayo imefunga.

Mlokole Mpole
Mpe simu dada yako, azungumze yeye. Tunakuombea ukiwa njiani.

Mpelelezi
Bado nasema ni chai. Beba kadi ya bima.