Naombwa nisaini karatasi ya kituo cha data jirani na kwangu, nisaini?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Kigamboni, mwaka wa sita sasa. Eneo kubwa nyuma ya ukuta wangu limeuzwa, tunaambiwa kinajengwa kituo cha data, yaani jengo la kompyuta nyingi (seva) za kuhifadhi taarifa za mtandaoni. Jumamosi mjumbe kapita nyumba kwa nyumba na karatasi, juu imeandikwa "mahudhurio". Mkutano wenyewe sijauona. Jirani yangu kasaini fasta, anasema viwanja vitapanda bei. Mimi kisima changu tayari ni cha chumvi, na jenereta la baa tu linaninyima usingizi. Ushauri tafadhali.

Mzee wa Kivuko: Usisaini mkutano ambao hukuhudhuria, mkuu. Majina na saini hizo huambatishwa kwenye ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira inayokwenda NEMC, baraza la taifa la mazingira. Ukija kulalamika unaonyeshwa saini yako: si ulishirikishwa?

Binti Tuangoma: Jamani, maendeleo yakija tunalia, yasipokuja tunalia. Ajira je?

Fundi Kiyoyozi: Dada, ajira ni wakati wa kujenga. Kikiisha wanabaki walinzi na mafundi wachache. Nimewahi kufunga mitambo kwenye chumba cha seva, swali la kuuliza ni hili: hizo seva zikipata joto wanazipooza kwa njia gani? Kuna mfumo wa kuvukiza maji, huo unakunywa kila siku. Kuna ambao maji yanazunguka humohumo kwenye mabomba, unatumia maji kidogo ila mara nyingi umeme zaidi. Na kelele ya kuogopa ni feni, saa 24. Jenereta huwashwa siku za majaribio tu, na pale umeme unapokatika (na kwetu mnajua).

Msafiri wa Feri: Ireland vituo hivi vilikula asilimia 21 ya umeme mwaka 2023. Sisi na Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, wakija wengi je?

Mzee wa Kivuko: Ya Ireland hayamsaidii mwenzetu leo. Andikeni barua serikali ya mtaa kuomba mkutano wa hadhara, nakala kwa mtendaji wa kata, yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Ulizeni kama matumizi ya eneo yamebadilishwa kutoka makazi. Kisha NEMC. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inawapa nafasi ya kutoa maoni.

Mleta uzi: Asanteni. Mjumbe karudi asubuhi, nimemwambia nasubiri mkutano. Kanuna. Sasa jirani naye ananiuliza kama jina lake linafutika.