Mrejesho: mafunzo ya wahudumu wa vyumba, Malindi

Assalam alaikum wapendwa. Mwezi uliopita niliwauliza nianzie wapi, nimepewa kazi ya kufunza wahudumu wapya wa vyumba kwenye hoteli huku Malindi na sijawahi kufunza mtu, nikawa nimeandaa slaidi 40. Shukrani sana mlionijibu.

Slaidi niliziacha, nikafuata ile njia ya hatua nne ya viwanda vya Marekani miaka ya 1940, yani unamtayarisha mtu, unamwonyesha, anafanya yeye mbele yako huku akikueleza kwa nini, halafu unamwachia na unapita kumwangalia. Hapo pa "kwa nini" ndipo paliponifungua macho, maanake wote walisema jiki na asidi ya choo havichanganywi lakini aliyejua vinatoa gesi ya sumu ni mmoja tu, na mimi ningemaliza siku nzima bila kugundua. Vitanda walishika siku hiyo hiyo.

Palipofeli ni kumweka mama mmoja mzoefu awafunze wenzake. Kazi anaijua kweli, ila alikuwa anawafanyia badala ya kuwaacha wafanye, na mie niliona haya kumrekebisha mbele za watu, ni mtu mzima kwangu. Baadaye nilimfuata pembeni nikamwambia kwa heshima, akakubali, ila wawili wa zamu yake bado wako nyuma, narudia nao Jumatatu.

Dada uliyesema kundi lisizidi watu watano, Mungu akubariki, nilianza na 11 na sikuweza kumfuatilia hata mmoja vizuri.