Naomba ushauri: tamthilia italeta wageni Kolo?

Habari zenu wakuu. Natembeza wageni Kondoa, kwenye michoro ya miambani ya Kolo (urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006). Tangu The Royal Tour (filamu ya Rais Samia ya kutangaza utalii) itoke 2022, wengi wanaonipigia wanaulizia Serengeti na Zanzibar. Kolo wanaisikia kwangu, ingawa barabara ya Dodoma–Arusha inapita hapo hapo.

Nimerusha video fupi za simu. Watazamaji wapo, wanaandika "hongera" na kupita zao. Sasa kijana mmoja wa Dodoma mjini anataka tuigize tamthilia pale. Nahofia waigizaji kushikashika michoro, ikifutika ndiyo basi tena.

Wenye uzoefu: kibali cha kurekodi eneo la mambo ya kale naanzia ofisi gani? Na tamthilia huleta mgeni kweli, au nitengeneze filamu ya makala?