Diwani wetu leo kaniuliza eti "kijana, wewe ni wa kata gani?"

Wakuu niacheni niseme. Jina sitaji, mnamjua, yule anayetembea kama ardhi inamdai kodi.

Leo nimeingia kikao cha baraza, cha bajeti, si wanasema mwananchi ruksa kusikiliza, nikakaa nyuma kimyaa. Kimeisha namfuata nimuulize ule mtaro wetu umepitishwa au vipi, jamaa kanitazama juu mpaka chini, "kijana, wewe ni wa kata gani?"

Kata gani!! Mimi niliyembandikia mabango usiku kucha mpaka vidole vikagandana na gundi! Enzi za kuomba kura hakosi msiba, anabeba majeneza ya watu asiowajua, nusura azikwe nao. Mtaro wenyewe kaupima kwa mkono wake, kashika futi, akachora mstari wa chaki kwenye ukuta wangu, chaki ipo yeye hayupo. Kaingia kamati ya fedha, kitambi nacho kikala kiapo, sasa anawabembeleza madiwani wenzake wampe umeya maana kura hiyo wanapiga wao, sisi wa nini tena. Kata gani!

mchokonozi: Pole ila umejitakia. Ulipewa tisheti ukatulia.

mleta uzi: Tisheti ndo nilikuwa nimeivaa!! Sura yake hii hapa kifuani, anaiangalia, ananiuliza kata gani!

bibi_harusi2: 😂😂 hakujitambua, kipindi kile hakuwa na mashavu

mzee wa kanuni: Mtaro si kazi yake kijana, diwani anapitisha bajeti, wanaochimba ni watendaji.

mleta uzi: Basi chaki alichora ya nini mzee wangu

tundu_la_sindano: Bora wenu anaongea. Wetu toka achaguliwe anagonga meza tu, juzi kagonga hoja ya kumsema yeye mwenyewe

kidole_tumbo: Wetu ukimuuliza barabara anakwambia nenda kwa mkurugenzi, mkurugenzi anakwambia madiwani hawajapitisha, nimezunguka mpaka mlinzi ananiamkia

mleta uzi: Jamani turudi kwa huyu wa kata gani

bibi_harusi2: Hivi taa za barabarani kwenu zinawaka mchana au ni kwetu tu?

mchokonozi: Mchana ndo zamu yake, usiku zinalala

kidole_tumbo: Mna taa nyie? Kwetu imebaki nguzo