Tovuti za .kp hazifunguki maabara: tatizo letu au lao?

MwalimuLindi: Habari za jioni wakuu. Vijana wa kidato cha tatu wamejaribu kcna.kp, tovuti ya shirika la habari la Korea Kaskazini: mara inagoma, mara kivinjari kinaonya si salama. Za .go.tz zinafunguka vizuri. Shida ni DNS (mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba) au wenyewe wamefunga? Na mtu wa huku anaweza kununua .kp kama anavyonunua .co.tz?

FundiMikindani: Shikamoo mwalimu. Onyo linatokana na tovuti zao nyingi kuwa http tupu, bila cheti cha usalama, na vivinjari vya sasa hujaribu kwanza https, yaani http iliyolindwa kwa cheti. Andika http:// yote kwa mkono. Ikigoma bado, fungua cmd (dirisha la amri la Windows) uiulize seva ya majina ya Google, 8.8.8.8:

nslookup kcna.kp 8.8.8.8

Ukipata anwani inayoanza na 175.45.176 hadi 175.45.179, jina limepatikana, kinachokwama ni njia ya kufika kwao. Lisipojibu, usikimbilie kuchezea ruta yako. Seva zao mbili za majina, ns1 na ns2.kptc.kp, zimo ndani ya bloku (fungu la anwani) hiyohiyo, yenye anwani 1,024 tu. Ni sawa na kufungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba: njia ikikatika, jina na tovuti vinapotea pamoja. Na njia ni chache mno: kampuni ya simu China Unicom, kisha Oktoba 2017 ikaongezeka TransTeleCom ya Urusi.

Chikongola: Kununua sahau. Herufi KP zinatoka kwenye ISO 3166, orodha ya kimataifa ya vifupi vya nchi, kila nchi inazo zake. Kuuza au kutouza ni uamuzi wa nchi. Usimamizi wa .kp ulikabidhiwa Korea Computer Center 2007, ukahamia kampuni ya Star Joint Venture 2011. Septemba 2016 seva mojawapo ya majina ilisahauliwa wazi, ikamwaga orodha nzima ya majina ya .kp kwa aliyeiomba. Domeni (majina ya tovuti) 28! Darasa lako lina watoto zaidi.

BiLigula: Tena hizo 28 ni za kuonyesha nje. Mwananchi wa kawaida kule hutumia Kwangmyong, mtandao wa ndani wenye anwani za 10.x.x.x, ambazo hazipitishwi kwenye intaneti. Waonyeshe vijana kwa vitendo: weka XAMPP (programu ya kuifanya kompyuta iwe seva ya tovuti) kwenye mashine moja, washa Apache, ambayo ndiyo seva yenyewe, tengeneza folda "darasa" ndani ya htdocs, folda yake ya kurasa, humo weka index.html. Soma anwani ya mashine kwa amri ya ipconfig kwenye cmd. Kisha chomoa waya wa WAN tu (unaoleta intaneti) kwenye ruta, za LAN (za mashine za maabara) ziache. Mashine nyingine zifungue http://192.168.1.10/darasa (weka anwani yako). Ukurasa utakuja, Google haitakuja. Ukifunguka kwenye mashine ya seva peke yake, ni fayawoli, ngome ya Windows inayozuia mashine nyingine: Windows imeuhesabu mtandao kuwa Public. Badili uwe Private, ruhusu Apache.

MwalimuLindi: Marahaba fundi, http imekubali, ila picha zinajikongoja. Bi Ligula, ruta yetu inagawa 10.0.0.x, itafaa?

BiLigula: Inafaa kabisa, 10 ni ya yeyote. Ila waambie mapema, wasije wakadhani maabara imeunganishwa Pyongyang 😄